Taa ya Nzisa Ilijiwasha Yenyewe

Msomaji uliyekosa gazeti wiki iliyopita, sogea nikuonjeshe kidogo, nao wenzako wavumilie.

Kaloki, kijana wa Mbooni mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Kitui, alimwekea mama yake taa ya kisasa barazani. Taa inayoongozwa kwa simu. Giza likiingia inajiwasha, saa tatu inajizima, na mama hana haja ya kugusa ukuta. Kaloki alisifiwa na watu mpaka akavimba kichwa.

Lakini taa ya baraza kwa Nzisa haikuwa ya kumulika tu. Tangu wafiwe na waume zao, Nzisa na rafiki yake Kalunde, anayekaa ng'ambo ya bonde, walikuwa na desturi yao. Kila jioni kila mmoja aliwasha taa ya baraza kwa mkono wake. Mwenzake akiiona, anajua huyu yuko mzima. Isipowaka, anachukua tochi na kuja kuangalia. Waliishi hivyo miaka mingi, na hawakuhitaji bando wala mnara wa simu.

Jumanne, jua likiwa bado halijazama, Nzisa alianguka karibu na ghala akavunjika nyonga. Kuinuka hawezi, simu iko jikoni. Giza lilipoingia, taa yake ikawaka vizuri kabisa. Kalunde akaiona kutoka ng'ambo, akamshukuru Mungu, akaenda kulala. Alimkuta asubuhi, alipompelekea maparachichi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia alikuwa Kaloki, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Haya, sasa tuendelee. Ni Ijumaa, saa ya kuwaona wagonjwa.

"Mama Mulwa, rudi na hiyo uji yako," Ndunge alisema.

Ndunge ni dada mkubwa wa Kaloki, mwalimu kule Matiliku. Akiuliza swali, hata walimu wenzake hutafuta dawati la nyuma. Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa wodi. Mbele yake alikuwa Kalunde, mama yake Mulwa, na chupa ya uji mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, maana alikuwa amelala kwenye benchi la hospitali tangu Jumatano.

"Ndunge, mwana wakwa, mwanangu, nataka kumwona tu."

"Jumanne ndio ungemwona."

"Niliona taa."

"Uliona taa!" Ndunge alipiga makofi mara moja. "Kuku walikuwa nje mpaka asubuhi. Mama yangu giza haliwezi kumpata kabla afungie kuku. Kwa hivyo alianguka jua likiwa bado. Sasa niambie, hiyo taa iliwashwa na nani? Na kuku?"

"Mimi sijui. Lakini iliwaka."

"Sema tu hukuangalia. Sema ulikuwa mahali unapiga stori, ukachelewa, ukalala. Hiyo naweza kusamehe. Lakini usinidanganye kama mimi ni mtoto wa darasa la pili."

Kalunde akageuka. Kaloki alikuwa ameegemea ukuta, akikagua viatu vyake.

"Kaloki, si wewe ndio uliweka hiyo taa? Ambia dada yako. Si inawaka vizuri?"

Ndunge naye akamgeukia. Mpaka muuguzi aliyekuwa akipita akapunguza mwendo.

"Ni taa ya kawaida tu, mwaitu," Kaloki akasema.

Alimwita mwaitu, yaani mama, kama alivyomwita tangu utotoni alipokuwa akila kwake chakula cha mchana. Kisha akamwacha hapo na uongo wake.

Kalunde hakubisha. Aliweka chupa kwenye benchi. "Akiamka mpatieni. Ni ya wimbi. Nimeweka ndimu vile anapenda." Akashika njia.

Utauliza, kwani huyu Kaloki hana moyo? Anao, na ulikuwa ukimchoma. Kilichomziba mdomo ni aibu. Hakutaka Ndunge ajue, hakutaka wateja wajue, na zaidi hakutaka kuacha kuitwa mtoto mwema.

Tena mwenzake wa duka alikuwa amemwonya. Anaitwa Nuhu, mtu wa Kitui mjini, baba yake alitoka pwani. Siku ile kulikuwa na maboksi mawili kwenye kaunta. Moja lilikuwa na ile taa ya simu. Lingine lilikuwa na taa ya kawaida yenye betri ndani, stima ikipotea inabaki inawaka, na swichi yake kubwa ya ukutani.

"Kaka, mpe mama hii ya swichi," Nuhu alisema. "Taa ya mtu mzima ni ile ambayo hata mgeni akiingia anaijua kuiwasha bila kuuliza. Hiyo nyingine mtandao ukilala nayo inalala."

"Hapana, saa yake iko ndani yake. Hata mtandao ukipotea itajiwasha."

"Na mama akitaka kuizima?"

"Azime ya nini?"

Ukweli ni kwamba Kaloki alikuwa ameshapanga video. Mama akitabasamu barazani, giza linaingia, taa inawaka yenyewe, na jina la duka linatokea chini. Video ilipendwa sana na wateja, lakini haikumfikia Ndunge kule Matiliku wala Kalunde mwenye simu ya kupiga tu. Ili taa isikose umeme, aliibandika swichi ya zamani kwa utepe wa gundi, akamwambia mama asiiguse kabisa.

Nzisa alisimama akaitazama ile swichi iliyofungwa mdomo. Akauliza swali moja.

"Sasa Kalunde atajuaje ni mimi?"

Kaloki alicheka. "Mama, si ataona taa?"

Baada ya wiki mbili mama akampigia simu. "Hiyo taa njoo uitoe. Inawaka kabla sijaamua." Kaloki akasema atakuja wikendi. Wikendi ikapita, na nyingine ikaifuata. Mama naye hakumweleza Kalunde kwamba inajiwasha, asije akamwaibisha mwanawe.

Basi jioni ya Ijumaa ile Ndunge alienda kutafuta chai. Kaloki alibaki peke yake kwenye korido, chupa ya uji ikiwa kando yake. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa.

Taa ya baraza imewaka.

Nyumba haikuwa na mtu. Taa ilikuwa ikiangaza viti vitupu, ikimwambia kila mtu ng'ambo ya bonde kwamba Nzisa yuko na ni mzima. Jumatano na Alhamisi iliwaka vivyo hivyo, lakini siku hizo Kalunde alikuwa hapa hospitalini. Leo amefukuzwa, yuko kwake. Kaloki hajawahi hata kufungua ile programu ya taa tangu mama aanguke, kwa kuogopa kuiona.

Kabla hajairudisha simu mfukoni, ikalia. Kalunde.

"Kaloki! Mama ameenda?"

"Ameenda wapi, mwaitu?"

"Niambie tu ukweli. Ametuacha?"

"Hapana! Yuko hapa. Amelala tu, ni dawa."

"Basi ni nani yuko kwake? Taa imewaka! Nimesimama kwa mlango yangu, naiona. Nyumba nilifunga mimi mwenyewe, ufunguo niko nayo hapa. Kaloki, ni nani amewasha taa ya Nzisa?"

Msomaji, ni mara ngapi Mungu humfungulia mtu mlango mpana namna hiyo? Kaloki alihitaji kusema tu kwamba taa inajiwasha. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi.

Mwisho wa korido akatokea Ndunge na vikombe viwili vya chai.

Kidole cha Kaloki kikawahi kuliko ulimi. Kikabonyeza kitufe cha kuzima. Kule Mbooni, taa ikazimika.

"Angalia tena, mwaitu," akasema. "Taa gani?"

Mbwa wa Kalunde alisikika akibweka, kisha akaacha.

"Imezima," Kalunde akasema polepole. "Aiya. Ilikuwa hapo."

"Pengine ni mwangaza wa gari."

"Gari gani inapita njia ya mbuzi?" Sauti yake ikapungua. "Basi ni macho yangu. Ama ni kichwa. Mama yangu pia alianza hivi, akiona watu shambani wenye walikufa zamani."

"Mwaitu, usiseme hivyo..."

"Hapana, sasa nimeelewa. Hata Jumanne ilikuwa hivi hivi. Hakukuwa na taa. Niliona kitu hakiko, nikaenda nikalala, nikaacha Nzisa kwa baridi. Na mimi nabishana na Ndunge! Msichana wa watu alikuwa anasema ukweli." Akavuta kamasi. "Jumapili nitasimama kanisani nitubu. Na hiyo kiti ya akina mama niwaachie. Mwenyekiti anaona vitu haviko, ataongoza nani?"

Akakata simu. Ndunge alikuwa ameshafika, akampa kikombe.

"Ni nani huyo?"

"Mteja."

Chai ilimshinda. Aliishika mpaka ikapoa, huku akilitazama lile kosa lake jipya na kuona kwamba limelipita la kwanza. La kwanza lilikuwa ujinga na majivuno. Hili la pili alilifanya akiwa na akili zake zote, kwa mwanamke aliyempakulia isyo, mahindi na maharagwe, tangu akiwa na meno ya maziwa.

Jumamosi asubuhi Nuhu alifika hospitalini kutoka Kitui. Mkononi alibeba mahamri ya mkewe Hasina, na kwapani boksi. Lilikuwa lile boksi la taa ya swichi.

Nuhu hakuhitaji kusimuliwa. Taa aliijua, habari alizisikia, akajumlisha mwenyewe.

"Umewaambia?" akauliza.

"Bado."

"Kaloki!"

"Nitawaambia. Ngoja mama aamke vizuri."

"Mama akiamka ataambiwa na nani kwa nini rafiki yake haji?" Nuhu akamwekea boksi mapajani. "Sikiza kaka. Taa nimeleta mimi. Ulimi ulete wewe."

Kaloki akapanda boda boda mpaka Mbooni, akiwa amelikumbatia boksi njia nzima. Alijiambia anaenda kurekebisha. Tuseme ukweli, alikuwa anaenda kuficha pia.

Alipanda kiti cha baraza, akatoa balbu ya simu, akaitia mfukoni. Akabandua ule utepe wa gundi. Akafunga taa mpya na swichi yake nyeupe, pana, ambayo hata mtu aliyebeba mzigo angeiwasha kwa kiwiko. Kazi yote haikumchukua muda. Alijiuliza kwa nini hakuifanya wikendi ile ya kwanza.

"Hodi."

Alikuwa Kalunde, na leso za Nzisa zimekunjwa mikononi.

"Nimeziosha. Ndio alikuwa amevaa siku ile. Mpelekee, asiamke akajipata na nguo za hospitali." Akatazama juu. "Unabadilisha taa?"

"Naweka ya swichi. Ya kawaida."

"Kwani ile ilikuwa na shida?"

Hapo ule mlango wa Mungu ukafunguka mara ya pili. Hapakuwa na Ndunge wala muuguzi, ni wao wawili tu na leso zinazonukia sabuni.

"Iliungua," Kaloki akasema.

"Ni sawa tu. Nzisa hakuipenda. Alikuwa anasema haina adabu." Kalunde akasogea kwenye ukuta. "Naweza kujaribu?"

Akaweka leso kwenye meza. Akabonyeza, akainua uso kuitazama balbu. Akazima. Akawasha tena, akaitazama kwa muda mrefu, akikunja macho.

"Hii naiona," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akatabasamu kidogo. "Hii iko, si ndio?"

"Iko, mwaitu."

"Basi pengine macho haijaisha kabisa. Ni kichwa tu." Akazima. "Mulwa amesema wiki ijayo atanipeleka Nairobi nikae na yeye. Hataki niishi peke yangu na kichwa inanidanganya. Nikasema sawa. Shida ni Nzisa. Akitoka hospitali, hiyo taa atakuwa anawashia nani?"

Kaloki alitaka kupiga magoti pale pale. Badala yake akazichukua leso mezani. Alimsindikiza mpaka mwisho wa ua, akamtazama akishuka bondeni huku akichagua mahali pa kukanyaga. Kuna woga ambao mtu huuzoea mpaka ukawa tabia, na Kaloki alikuwa amefika hapo.

Usingizi wa Jumamosi hiyo haukuja, na alistahili.

Jumapili, watu wakiwa makanisani, Nzisa alifungua macho. Dawa zilikuwa zimepungua. Ndunge akamwinua kidogo, Kaloki akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka.

"Kalunde ako wapi?" lilikuwa swali lake la kwanza.

Ndunge akachukua kikombe.

"Ako kanisani, mama," Kaloki akajibu.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Mwambie asijilaumu." Nzisa alipumua, akapumzika, akaendelea. "Nikiwa pale chini nilijiambia, Nzisa, vumilia kidogo tu. Giza ikiingia Kalunde ataona hakuna taa, atakuja na tochi. Sikuogopa. Hata nilikuwa naombea giza iharakishe."

Ndunge alikuwa akimimina uji. Akaacha.

"Halafu taa ikawaka," Nzisa akasema.

Kaloki akahisi mkono wa mama ukimponyoka, au labda yeye ndiye aliyeuachilia.

"Kwa uchungu nilikuwa nimeisahau. Nikaiangalia. Ilikuwa nzuri sana hiyo taa, imemulika mpaka kwa ghala. Nikajua sasa hakuna mtu anakuja. Hapo ndio nililia."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikohoa. Ndunge akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama, taa iliwaka na wewe ukiwa chini? Iliwashwa na nani?"

Nzisa hakumtazama Ndunge. Alimtazama Kaloki, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuua.

"Si inajiwasha? Nilimwambia huyu aitoe."

Ndunge ni mtu wa sauti, tunajua. Lakini safari hii hakupaza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani.

"Kwa hivyo Mama Mulwa aliiona," akasema. "Aliiona kweli. Na mimi nikamfukuza na uji yake." Akainua kichwa. "Kaloki, ulikuwa umesimama hapo. Nilikuangalia kwa macho. Ukasema ni taa ya kawaida."

"Ndunge..."

"Saa hii ibada imefika wapi?"

Kaloki alikuwa ameshatoa simu. Vidole vilivyokuwa vyepesi Ijumaa leo vilimkwama. Namba ya Kalunde haikupatikana. Akapiga ya Mulwa, mwanawe. Ikaita, ikaita, ikashikwa.

"Kaloki, tuko ndani ya kanisa," Mulwa akanong'ona.

"Mpatie mama simu. Sasa hivi!"

"Haiwezekani. Ameshaenda mbele."

"Mwite arudi! Mulwa, mama yako si mgonjwa. Aliiona taa! Mara zote mbili aliiona! Ni mimi niliizima, ni mimi!"

"Ati nini? Sisikii, kuna kelele, wacha nitoke nje..."

"Usitoke! Enda mbele! Mwambie anyamaze!"

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwa Kaloki. Wodi nzima iliyasikia, isipokuwa yule aliyeambiwa.

Ndunge akampokonya simu, akaweka sauti ya nje. Kelele za kanisa zikapungua, zikaisha. Kikasikika kile kishindo cha mtu asiyezoea maikrofoni, kisha sauti ya mwanamke mzee, inatetemeka lakini haifichi kitu.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Kalunde, nyinyi wote mnanijua. Nimesimama hapa kwa sababu nilidanganya juu ya rafiki yangu..."

Nzisa aliinua kichwa kutoka kwenye mto, maumivu na yote.

"Huyo si Kalunde?" akauliza. "Mbona analia? Kaloki, niambie. Amekosa nini?"